Kishikwambi bado kinahesabu watu

Kwenu wenye dhamana ya elimu ya msingi, kuanzia ngazi ya kata hadi taifa.

YAH: KISHIKWAMBI NILICHOKABIDHIWA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Wale wa shikamoo, shikamooni. Wale tuliosoma pamoja chuoni mkapanda vyeo, habari za siku nyingi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Singida, nina miaka ishirini na mbili ya chaki. Nafundisha darasa la tatu na la nne, Kiswahili na Sayansi, pamoja na somo lolote linalobaki yatima mwenzangu anapohamishwa. Jina langu na la shule nimeyaacha makusudi. Mwalimu akiandika barua ndefu, swali la kwanza analoulizwa ni kama amemaliza kujaza taarifa zake.

Nianzie Agosti 2022, wakati wa Sensa ya Watu na Makazi. Nilikuwa karani. Nilipewa kishikwambi, yaani tableti, kizibao na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, nikapita kaya kwa kaya kuuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23. Kifaa kile nakisifu bila kificho. Nilijaza dodoso mchana kutwa huko bondeni ambako simu haishiki, na jioni nikipanda juu ya kichuguu kilicho nyuma ya shule, mtandao ukikamata, kazi yote ya siku inakwenda kwa mkupuo. Maswali yalipangwa na mtu aliyefikiri: ukimwandika mtoto wa miaka miwili, hakikuulizi kama ameolewa. Ilipotangazwa kwamba tumefika watu 61,741,120, nilijua kuwa humo wamo watu wangu mia tano na ushei, akiwemo mama mkwe wangu, ambaye alinibishia umri wake kwa nusu saa.

Kisha tukasikia kwamba vishikwambi vile vinakuja kwa walimu. Changu nilikisaini Januari 2023. Nilipofika nacho nyumbani, mama mkwe akakitambua kabla hata sijakitoa kwenye mfuko. "Wamekurudishia kile cha kutuhesabia? Sasa unakwenda kumhesabu nani?"

Nikacheka. "Hapana mama, hiki sasa ni cha kufundishia."

Mama aliuliza swali ambalo mimi nilipaswa kuwauliza ninyi siku ile ile. Tangu hapo hadi leo, kazi kubwa ya kifaa hiki imebaki ile ya kwanza. Kinahesabu wanafunzi kwa jinsi na kwa umri, wenye ulemavu kwa aina ya ulemavu, madawati mazima na mabovu, matundu ya vyoo, miti iliyopandwa na iliyokufa, waliokunywa uji na wasiokunywa. Nami kinanihesabu: nimeingia vipindi vingapi, wiki hii nimetekeleza majukumu gani, kwa asilimia ngapi. Yanayotoka kwangu kwenda juu hayana idadi. Yanayotoka juu kuja kwenye dawati la mtoto ndiyo ninayotaka tuyazungumze.

Niwape Jumanne moja ya Machi. Nilikuwa na kipindi cha Sayansi darasa la nne, sehemu za mmea. Asubuhi nilikuwa nimeng'oa mche wa mhindi na mche wa mharage pamoja na mizizi yake, nikaifunga kwenye gazeti lililoloweshwa isinyauke. Watoto 94 chumba kimoja, kwa sababu mwalimu wa mkondo B alikuwa likizo ya uzazi. Saa tatu kasorobo grupu la WhatsApp la kata likalia: idadi ya wanafunzi wasio na sare, kwa jinsi na kwa darasa, iingizwe kwenye mfumo kabla ya saa nne, HARAKA. Mwalimu mkuu ameitwa wilayani. Mwalimu wa taaluma yuko na darasa la saba. Nikawaambia watoto wachore miche wanavyoiona, nikaenda kwenye kichuguu.

Mfumo ukanidai nywila. Nywila imekwisha muda wake. Namba ya kubadilishia imetumwa kwenye simu ya mwalimu aliyehama mwaka juzi. Nikampigia, yuko Mpanda, naye yuko darasani, hapokei. Nikaishia kuandika takwimu kwenye karatasi, nikaipiga picha na kuirusha kwenye grupu, kama tunavyofanya siku zote mfumo ukigoma. Niliporudi, kengele ya kipindi kingine ilikuwa imegongwa. Miche ilikuwa imelala juu ya meza, gazeti limekauka. Na takwimu zenyewe, waheshimiwa, tulikuwa tumezituma Januari. Zilikuwa zilezile, kasoro mtoto mmoja ambaye shangazi yake alikuwa amemnunulia shati.

Msinichukulie kuwa ni mkongwe anayeililia chaki. Chaki imenipa kikohozi. Nilipoanza kazi mwaka 2003, enzi za MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi), zana zangu zilikuwa vizibo vya soda na manila kadi, na mtihani wa muhula tuliuchapa kwa stensili, tukirudi nyumbani na wino hadi kwenye kola. Ilipokuja mashine ya kudurufu nilishangilia kama harusi. Simu ya tochi ilipofika kijijini, tochi yake ndiyo niliyoelezea kupatwa kwa mwezi, kwa chungwa na mpira wa makaratasi, mchana, madirisha tumeyaziba kwa magunia. Miaka michache baadaye wenzetu wa sekondari walioandaliwa kwa mafunzo ya haraka haraka na kupelekwa shule za kata wakabatizwa jina la Vodafasta, ile huduma ya kuongeza salio la simu chapchap. Hata utani wetu wa kazini unakwenda na teknolojia.

Ila nimeona pia mashine inayokuja kwa faida ya msahihishaji, mtoto akiburuzwa nyuma yake. Mwaka 2012 mtihani wa kumaliza darasa la saba ulianza kusahihishwa kwa mashine, na majibu yote yakawa ya kuchagua, hata Hisabati. Usahihishaji ukawa wa haraka, sikatai. Kwangu mimi ilimaanisha wiki mbili za kufundisha kusiliba vivuli: penseli ya HB, usitoke nje, usifute ukachafua, usikunje karatasi. Mtoto aliyekokotoa hatua tano akateleza kwenye ya mwisho, na mwenzake aliyefumba macho akakosea kuchagua, mashine iliwaona ni wamoja. Baadaye maswali ya kukokotoa yalirudishwa kwenye Hisabati. Kumbe mkiona mnarekebisha, ndiyo maana nimepata nguvu ya kuwaandikia.

Mwaka 2020 ulinifundisha jambo jingine. Shule zilipofungwa Machi kwa sababu ya korona, vipindi vilikuja kwa redio na televisheni. Kijijini kwetu televisheni zilikuwa mbili, moja baa na moja kwa mwenyekiti. Redio zilikuwepo, lakini mchana redio iko shambani na baba, au imeishiwa mawe, yaani betri. Nilinakili ratiba ya vipindi kwa mkono nikaibandika dukani na kwenye mashine ya kusaga. Tulipofungua tarehe 29 Juni, waliosikiliza walikuwa wachache, na nilipowauliza mmoja mmoja, karibu wote walitoka kwenye nyumba ambazo kulikuwa na mtu mzima aliyekaa nao: dada aliyemaliza kidato cha nne, babu aliyekuwa katekista. Kipindi ni kilekile kwa wote. Waliokisikia peke yao hawakubaki nacho.

Sasa tuingie darasani. Mada za TEHAMA, yaani teknolojia ya habari na mawasiliano, zimo kwenye vitabu vyetu kwa miaka mingi, na kwa miaka mingi kompyuta nimeifundisha kwa kuichora. Mwaka 2018, picha za mwalimu wa Ghana, Richard Appiah Akoto, aliyechora ukurasa mzima wa Microsoft Word ubaoni kwa chaki za rangi, zilipozunguka dunia, wenzangu walinitumia wakisema nimepata pacha. Pacha wangu alialikwa Singapore na shule yake ikapata kompyuta. Kibodi yangu ilifutwa na mwalimu wa Hisabati aliyehitaji ubao.

Kwa hiyo nilipopata kishikwambi nilisema angalau wataona kitu chenyewe. Kipindi ni dakika arobaini, watoto 94: sekunde ishirini na tano kwa kila mmoja, kama hakuna anayepiga chafya. Nikawatoa nje chini ya mwembe, nikafungua ukurasa wa kuchorea, kila mtoto aandike kwa kidole herufi ya kwanza ya jina lake. Wa kwanza sawa. Wa pili sawa. Wa tatu akachora ng'ombe, nikamwacha. Wa nne alikuwa binti mmoja mpole, mchapakazi, wa kiti cha nyuma. Akapitisha kidole, hakuna kitu. Akapitisha tena. Nilidhani kimeganda, nikajaribu mimi, kikaandika. Nikamshika mkono. Ncha za vidole vyake zilikuwa kavu na ngumu, zina nyufa ndogo nyeusi ambazo sabuni haizitoi. Mikono ya mtoto anayechota maji alfajiri na kupura mtama jioni. Vioo hivi huhisi umeme mdogo unaopita kwenye ngozi ya mtu, na ngozi ikiwa nene na kavu kama soli, vinaweza visihisi kitu. Hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilichokisikia ni sauti nyuma ya mstari: "Mwalimu, yeye haimtambui."

Binti akalamba kidole, akakigusisha kwenye sketi, akajaribu tena. M ikatokea, imepinda kama mkia wa ndama. Akarudi kwenye foleni amekikunja kidole kile ndani ya ngumi, kama mtoto aliyetumwa dukani na shilingi mia.

Siku hiyo nilifikisha watoto 61. Waliobaki walinidai kwa wiki mbili.

Semina ya vishikwambi tuliyoipata ilikuwa ya kuwasha, kuzima, kuingia kwenye mifumo na kutunza mali ya serikali. Ukikivunja utakilipa. Hilo la kulipa lilirudiwa mara nyingi hivi kwamba shuleni kwetu wako walimu wawili ambao vyao viko kabatini, vimefungwa kwenye kanga, tangu siku vilipofika. Taarifa wanajaza kwa simu zao. Siwalaumu. Nami changu nilikuwa karibu kukirudisha kabatini, kama si mvulana mmoja wa darasa la tatu.

Mvulana huyu alikuwa anasoma kwa kukariri. Anatazama picha, anakumbuka wenzake walivyosoma jana, anamimina. Ukimwambia amekosea anakushangaa, kwa sababu masikioni mwake hajakosea. Siku moja baada ya uji nikamrekodi akisoma aya ya mistari sita, halafu nikamsikilizisha, kitabu kiko mbele yake, kidole kwenye maneno. Tulipofika mstari wa tatu akanishika mkono. "Mwalimu, simamisha. Hapo nimesema mbuzi. Imeandikwa mbuyu." Nami sikuwa nimefungua mdomo. Akaomba arekodiwe tena. Mara ya pili mbuyu ukawa mbuyu, akakosea kwingine, akajicheka mwenyewe.

Basi ikawa ndiyo kazi yetu ya Jumatano na Ijumaa, watoto sita sita, kwenye stoo ya majembe kwa sababu ndiko kwenye utulivu. Haihitaji laini wala bando, na hakuna anayenidai nywila. Spika nimenunua mnadani, ile ndogo ya kuchomeka memori kadi. Nilianza na watoto kumi na wanane waliokuwa nyuma kabisa. Kufikia Oktoba, kumi na mmoja walikuwa wanasoma aya nzima na kukueleza ilichosema. Sisemi huu ni utafiti, ni daftari langu. Lakini nilichokipenda ni kwamba kwa mara ya kwanza kifaa kilikuwa kinamrudishia mtoto kitu alichokitoa yeye, papo hapo, badala ya kukipeleka mahali ambapo hatujui kinasomwa na nani.

Ulipofika wakati wa kujaza utendaji wangu wa robo mwaka, nilitafuta pa kuliandika jambo hilo. Palikuwa na pa idadi ya vipindi, idadi ya majaribio, idadi ya vikao. Nikaliweka kwenye "kazi nyinginezo".

Na sasa imekuja akili unde (AI), ambayo wengine mnaiita akili mnemba. Najua mnaandaa miongozo. Niwaambie basi hali ilivyo huku. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unataka andalio la somo lenye umahiri, shughuli za mwalimu, shughuli za mwanafunzi na vigezo vya upimaji, kwa kila kipindi. Ni wazo zuri. Kwa mwalimu mwenye vipindi thelathini kwa wiki na madaftari 94 ya kusahihisha, ni usiku. Kwa hiyo tunamwomba roboti. Nami nimemwomba. Niliandika kwenye simu: niandalie somo la mzunguko wa maji, darasa la nne. Kabla sijameza chai likaja andalio lililonyooka, Kiswahili safi kuliko changu. Hatua ya tatu iliagiza kila mwanafunzi achukue kipande cha barafu kutoka kwenye friji ya darasa.

Nikaifuta friji, nikaweka sufuria, kuni na mfuniko. Mwenzangu wa shule ya jirani, ambaye aliomba somo lilelile, hakufuta. Maandalio yote mawili yalikaguliwa. Yote mawili yakasainiwa, lake likaandikiwa "vizuri sana".

Nilicheka kwanza, halafu nikaacha kucheka. Kama andalio kazi yake ni kuonekana kwenye faili, roboti ataliandika vizuri kuliko sisi sote, na barafu itaendelea kusainiwa. Tatizo lilikuwepo kabla ya roboti. Yeye amelipunguzia kazi tu. Na ninyi mkijibu kwa kututaka tujaze fomu ya kuthibitisha kwamba hatukutumia akili unde, nawaapia hiyo fomu nayo itajazwa naye.

Sitaki iondolewe. Jumamosi moja iliniandikia hadithi fupi kumi zenye silabi zile tu ambazo watoto wangu walikuwa wamekwisha kuzisoma, kazi ambayo ingekula mwisho wa juma wote. Ilichanganya ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe, nikairekebisha, kama ninavyomrekebisha mwanafunzi yeyote. Nilizinakili ubaoni kwa mkono. Chaki tena.

Kuhusu fedha sitakaa sana, maana mnazijua kuliko mimi. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. 4,000 zinakwenda kwenye vitabu na 6,000 zinafika shuleni. Ni shilingi mia tano kwa mtoto kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, kitasa cha ofisi, mpira wa miguu na ukarabati wa dawati. Bando linatoka mfukoni mwangu. Chaji inatoka kwa muuza duka, shilingi mia tano kwa kifaa, kwa kuwa nguzo za umeme zimepita mita mia mbili kutoka ofisini na waya haujavuka barabara. UNESCO ilieleza mwaka 2023 kwamba duniani kote ni asilimia 40 tu ya shule za msingi zilizokuwa na intaneti, kwa hiyo hatuko peke yetu juu ya kichuguu. Na Uswidi, wenye kila kitu, mwaka huohuo walianza kurudisha fedha kwenye vitabu vya karatasi. Nao wana sababu zao. Sisi kitabu kimoja bado ni cha watoto wanne.

Ombi langu, basi. Naomba darasa lifikiriwe kama ilivyofikiriwa Sensa.

Tulipotaka kuhesabu watu tuliweza, wala hatukusingizia mtandao. Kifaa kilitengenezwa kikijua kwamba mtandao haupo. Karani alifundishwa kwa siku nyingi, na alifundishwa kuuliza, si kubonyeza tu. Alikuwepo msimamizi wa TEHAMA wa kumpigia kifaa kikigoma. Na kaya iliulizwa mara moja. Hakuna aliyerudi kwa mama mkwe wangu wiki iliyofuata kumuuliza tena ana umri gani kwa sababu ofisi nyingine nayo imehitaji.

Mimi shuleni naulizwa sare mara nne kwa mwaka na ofisi tofauti, kila moja na jedwali lake. Kama Januari nimetuma, zisomeni za Januari. Kikibadilika kitu nitabadilisha mwenyewe. Na kati ya saa mbili asubuhi na saa nane mchana, tafadhali, neno HARAKA lisitumwe kwa mtu aliye mbele ya watoto, isipokuwa kuna mafuriko.

Vitabu vya Taasisi ya Elimu vimo kwenye maktaba mtandao, nami nimeshavipakua vingine usiku wa manane bando linapokuwa rahisi. Wekeni vyote kwenye memori kadi, pamoja na sauti za watu wanaosoma vizuri hadithi hizo, mzipe kata kadi kumi, tutazizungusha wenyewe. Mpeni pia Afisa Elimu Kata namba ya fundi mmoja aliye ndani ya wilaya. Cha mwenzangu kimepasuka kioo tangu mwaka juzi, anakificha kama ujauzito wa shuleni.

Na kuna hili, ambalo halihitaji senti. Shuleni kwetu tuko walimu kumi na mmoja, maana yake tuna vishikwambi kumi na kimoja, vikiwemo viwili vya kwenye kanga na kile cha mpasuko, ambacho kinawaka. Vikikusanywa kwa kipindi kimoja kila Alhamisi, darasa langu la watoto 94 linagawanyika watoto wanane au tisa kwa kila kioo. Binti yule angepata dakika nne badala ya sekunde ishirini na tano, na angelamba kidole pasipo watu tisini kumtazama. Nimelipendekeza kwenye kikao cha walimu mara mbili. Wote waliafiki, na wote waliuliza swali moja: kikianguka mikononi mwa mtoto, analipa nani? Kila kimoja kimesainiwa na mtu. Waraka wa nusu ukurasa kutoka kwenu, unaosema kifaa kilichoharibika kikitumika kufundishia ni hasara ya kazi na si deni la mwalimu, ungefungua kabati nyingi kuliko semina yoyote.

Ningeandika na habari za kalamu ya kioo, ile ya mpira, ambayo nimesikia inaandika hata kwa mwenye vidole vikavu. Nimeanza kuitafuta minadani. Lakini grupu la kata limelia sasa hivi. Wanataka idadi ya vishikwambi: vizima, vibovu, vilivyopotea, kwa jina la mwalimu na jinsi yake, kabla ya saa nne. Mimi nina kipindi saa tatu na nusu, mada ni ileile ya sehemu za mmea. Leo nimeleta alizeti. Mizizi iko kwenye gazeti, na simu naiacha ofisini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa darasa la nne